Kasti iliyopasuka: dalili, chanzo na dawa unapoichomelea

Unamaliza mshono, unainua barakoa, na kabla hujashika brashi unasikia tik. Baada ya kitambo, tik nyingine. Ukisogeza taa unaona ufa mwembamba umetembea kando ya mshono, milimita moja au mbili ndani ya kasti yenyewe (chuma cha kusubu), ukiufuata toka mwanzo hadi mwisho. Mshono ni mzima. Kilichoachia ni chuma cha jirani.

Fundi aliyezoea mageti na madirisha akikutana na hali hii huilaumu elektrodi (fimbo ya kuchomelea), hununua nyingine, na kazi hupasuka tena. Ni heri kwanza tuelewe kinachotokea pale, maana karibu kila dalili iliyomo humu imezaliwa na mambo mawili tu.

La kwanza: kasti haivutiki. Chuma laini cha geti kina kaboni kiasi cha asilimia 0.2, na ukikivuta hurefuka zaidi ya asilimia 20 kabla ya kukatika. Kasti ya kijivu, ndiyo iliyosubiwa bloku za injini, magamba ya pampu, puli na miguu ya cherehani, ina kaboni asilimia 2.5 hadi 4, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo imetulia ndani kama vipande bapa vya grafiti, kaboni laini kama ya penseli. Kila kipande ni mwanya mdogo ambao tayari umo ndani ya chuma. Ukiivuta, hairefuki hata asilimia 1, inakatika. Sasa mshono unapopoa hauna budi kusinyaa, na ukisinyaa unavuta.

La pili: ukanda mwembamba uliopakana na mshono hushika moto mkali, kisha mwili mkubwa wa kasti unaunyonya joto ghafla. Kaboni iliyoyeyuka humo haipati muda wa kurudi kuwa grafiti. Inaganda ikiwa kabaidi, yaani kaboni iliyoshikamana na chuma, na ukanda huo unakuwa mgumu hata tupa inateleza juu yake. Unakuwa na kitu kisichonyumbuka, kimeshikwa na mshono unaovuta. Hapo ndipo tik inapotoka.

Ni kasti ya aina gani?

Usiwashe mashine kabla ya kulijua hili. Chukua tindo, gonga ukingo usio na kazi. Chuma laini kitajiviringa kama utepe. Kasti itavunjika chembechembe. Ukigusa kwa grainda, chuma laini hutoa cheche ndefu nyeupe, kasti hutoa cheche fupi za wekundu uliofifia. Halafu angalia pale palipovunjika. Pakiwa na rangi ya kijivu na ukipitisha kidole kinatoka na weusi, hiyo ni kasti ya kijivu, na inachomeleka. Pakiwa peupe panang'aa, ni kasti nyeupe: ngumu, iliyotengenezwa kwa kusagia na kuhimili msuguano, kama sahani za mashine za kusagia karanga. Hiyo usiichomelee. Nunua nyingine.

Ipo na ya tatu, ambayo ilitangazwa kwa ulimwengu mwaka 1948: grafiti yake imejikusanya kuwa viduara badala ya vipande bapa, kwa hiyo inavumilia kuvutwa. Utaikuta kwenye krenki za injini nyingi na kwenye magamba ya pampu za kisasa. Ning'iniza kipande kwa kamba ukigonge kwa nyundo ndogo. Kasti ya kijivu hutoa mlio mzito unaokufa upesi. Hii ya viduara hulia kwa muda karibu kama chuma laini. Inachomeleka, ila inataka elektrodi yenye nikeli na chuma pamoja, ile ya nikeli asilimia 55 hivi, kwa sababu mshono wake una nguvu zaidi kuliko wa nikeli tupu.

Tik, na ufa kando ya mshono

Chanzo kinachojitokeza mara nyingi ni elektrodi ya kawaida, ile ya 6013 ya mageti. Mshono wake ni chuma laini kinachonyonya kaboni kutoka kwenye kasti na chenyewe kikageuka kigumu. Elektrodi ya 7018 haina tofauti ya maana hapa. Ni nzuri kwa kazi zake, lakini nayo ni ya chuma. Inayofaa ni elektrodi ya nikeli. Nikeli haishikamani na kaboni kuunda kabaidi ngumu. Kaboni ikiingia humo hutolewa wakati wa kuganda ikiwa grafiti, na grafiti hiyo huchukua nafasi kubwa zaidi, hivyo hupunguza kusinyaa kwa mshono. Ndiyo maana elektrodi za nikeli zinauzwa ghali, na ndiyo maana maduka mengine huziuza moja moja. Kwa kazi ndogo huhitaji boksi zima.

Lakini nikeli peke yake haitakuokoa kama umeikimbiza. Ukiweka mshono wa sentimita 15 kwa mkupuo mmoja juu ya kasti baridi, utapasuka hata kwa elektrodi ya bei kubwa kuliko zote. Hapa kuna njia mbili, na lazima uchague moja na kuifuata hadi mwisho.

Njia ya baridi ni hii. Kipande chote kinabaki na joto ambalo mkono unavumilia. Unaweka mshono wa milimita 25 hadi 30, basi. Papo hapo, kabla wekundu haujapotea vizuri, unaugonga kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo: vipigo vyepesi, vingi, vya karibu karibu. Kugonga huko kunautandaza mshono kidogo unapotaka kusinyaa, na sehemu kubwa ya nguvu ya kuvuta inaishia hapo. Kisha unasubiri. Weka kiganja sentimita chache kutoka kwenye mshono. Kama huwezi kukiacha hapo, hujafika wakati. Mshono unaofuata usiuanzishe pale ulipoishia wa kwanza. Ruka uende upande mwingine wa ufa, kisha rudi, ili joto lisijikusanye mahali pamoja. Elektrodi ya milimita 2.5 ni bora kuliko ya 3.2 kwa kazi hii, na ampea ziwe za chini kabisa zinazokubali kuwaka vizuri. Hakuna kupulizia upepo wala kuweka kitambaa chenye maji ili uwahi. Kazi ya saa moja kwenye geti inaweza kuwa kazi ya siku nzima kwenye kasti, na mteja aambiwe hivyo kabla ya kupatana bei.

Njia ya moto ni kinyume chake. Kipande chote kinapashwa hadi nyuzi joto 300 za Selsiasi au zaidi, hata 600 kwa kazi ya gesi, kinachomelewa kikiwa katika joto hilo, kisha kinapozwa polepole sana. Usivuke nyuzi 750, maana juu ya hapo chuma chenyewe huanza kubadilika ndani. Tanuri si lazima liwe la kiwanda. Matofali yaliyopangwa bila udongo, mkaa chini na pembeni, bati juu: hilo linatosha kwa kipande cha ukubwa wa silinda hedi. Wekundu hafifu unaoonekana gizani huanzia nyuzi 500 hadi 550, kwa hiyo fanya kazi kivulini ili uuone. Ukimaliza kuchomelea, kirudishe kwenye mkaa huohuo, funika kwa majivu makavu au chokaa kavu, ziba matundu ya hewa, acha moto ufe wenyewe. Kifukue kesho. Mchanga wenye unyevu unaua kazi yote. Ukitumia mchanga, uwe umekaangwa ukakauka.

Kosa baya kuliko yote ni kukaa katikati: fundi anapasha sehemu ya ufa tu kwa tochi dakika chache, anasema ameshapasha, kisha anachomelea. Kasti ya urefu wa milimita 300 ikipashwa kwa nyuzi 500 hurefuka karibu milimita 1.6. Kama ni sehemu moja tu iliyorefuka na nyingine zimebaki baridi, milimita hiyo moja na nusu lazima ipate pa kwenda. Ikikosa, ufa mpya unajitengenezea njia.

Chukua mguu wa cherehani, ile fremu ya kasti yenye matundu ya urembo. Mkono mmoja umekatika. Ukiuchomelea ukiwa baridi, mshono utasinyaa, lakini mikono ya jirani haitakubali kusogea, kwa hiyo utakatika palepale au mkono wa pili utakatika kwa niaba yake. Dawa ni kupasha mikono iliyo sambamba na ule uliovunjika. Ikirefuka, utaona kwa macho ufa ukifunguka wazi. Hapo ndipo uchomelee, kisha vyote vipoe pamoja, visinyae pamoja. Fundi akishauona ufa ukijifungua kwa joto la jirani, ataelewa kasti kuliko kwa maelezo yoyote.

Mshono wenyewe umepasuka katikati

Hii ni dalili tofauti na ile ya kwanza, na haitibiwi sawa. Kama ufa uko kwenye uti wa mshono, tazama umbo lake. Mshono uliobonyea na mwembamba hauna nyama ya kuhimili kusinyaa. Unataka uwe na mgongo kidogo. Kama ufa umeanzia kwenye kile kishimo cha mwisho, unakata moto mapema mno: rudi nyuma nusu sentimita juu ya mshono, jaza kishimo, ndipo uondoe elektrodi. Kama umbo ni zuri na bado unapasuka, basi umeyeyusha kasti nyingi mno ndani ya nikeli. Fosforasi na salfa zilizomo kwenye kasti ya zamani hufanya mshono wa nikeli upasuke ukiwa bado wa moto. Punguza ampea, elekeza moto juu ya mshono uliokwisha kuweka na si kwenye ukuta wa kasti, na kwa kuta nene jaribu elektrodi ya nikeli na chuma, ambayo huvumilia fosforasi vizuri zaidi kuliko nikeli tupu.

Vitundu, povu, mshono kama sifongo

Mafuta. Tafuta mafuta kabla ya kutafuta kingine chochote. Gamba la gia au sehemu ya chini ya injini iliyokaa miaka 20 kwenye oili imekunywa oili hiyo kupitia grafiti yake, na kuifuta kwa petroli ni kusafisha ngozi tu. Ukiwasha moto, oili inachemka kutoka ndani na kupita katikati ya mshono wako. Osha kwa maji ya moto na sabuni kali, kausha, kisha pitisha moto wa gesi polepole juu ya eneo lote hadi moshi ukatike. Subiri kidogo, pasha tena. Utashangaa moshi unarudi. Endelea hadi usirudi. Baada ya hapo weka mshono wa kwanza ukijua kwamba utauondoa: utatoka na vitundu, usage wote, uweke mwingine. Mara nyingi wa pili au wa tatu hutoka safi.

Kabla ya kupasha kitu chochote chenye uwazi ndani, fungua plagi zote na matundu yote. Mvuke wa mafuta uliofungiwa ndani ya gamba hulipuka, na fundi ndiye anayekuwa ameinamia.

Kama mafuta yameisha na vitundu bado vipo, kagua elektrodi. Tanga, Mombasa, Unguja, popote penye hewa ya bahari, boksi lililofunguliwa mwezi uliopita limeshavuta unyevu. Zikaushe kwa joto lililoandikwa kwenye boksi lenyewe, na utakazobakiza uzifunge kwenye chombo kisichopitisha hewa.

Haishiki, inajikunja vidonge

Unaweka elektrodi, chuma kinayeyuka, lakini kinakaa juu ya kasti kama matone ya maji kwenye jani la mgomba. Sababu tatu, na ya kwanza inawashangaza wengi: grainda. Jiwe la grainda linapaka grafiti juu ya uso uliousafisha, kwa hiyo panang'aa lakini pana utando. Malizia kwa tupa au kwa tindo, au pitisha moto wa gesi wenye oksijeni ya ziada uchome grafiti hiyo, kisha brashi ya waya. Kwa kazi ya brasi (shaba ya njano) hili halina mjadala. Brasi haikai kabisa juu ya grafiti.

Sababu ya pili ni ile ngozi ya nje iliyotoka na kasti kwenye mchanga wa kalibu. Iondoe milimita 10 hivi kila upande wa ufa.

Ya tatu haina dawa. Manifoldi ya ekzosi, wavu wa tanuri, chochote kilichokaa miaka kwenye moto mkali, kimeungua hadi ndani. Oksijeni imepita kwenye njia za grafiti, kasti imevimba, na ukiisaga unakuta weusi mpaka chini. Hakuna kilichobaki cha kushikana nacho. Ukisaga ukafika kwenye chuma cheupe safi, endelea. Usipofika, mwambie mwenye mali ukweli, asipoteze pesa yake.

Kuna jambo pia kuhusu mashine yenyewe. Nyingi za transfoma zinazosukwa kwenye vichochoro vya Gerezani, Dar es Salaam, na Kamukunji, Nairobi, hutoa umeme wa AC (mkondo geu), na elektrodi nyingi za nikeli zinakubali AC, lakini moto unarukaruka ukishusha ampea. Fundi anapandisha ili utulie, na hapo ndipo anapoharibu. Inveta ndogo yenye DC (mkondo wa upande mmoja), elektrodi ikiwa kwenye chanya, itakuwezesha kushuka hadi ampea 60 au 70 kwa elektrodi ya 2.5 bila kuzimika. Kwa mtu anayetaka kufanya kasti kama kazi ya kudumu, ningemwambia aweke pesa hapo kabla ya kitu kingine chochote.

Biti ya drili inaungua kwenye mshono

Umejaza tundu la bolti, sasa unataka kulitoboa upya, na drili inapiga kelele tu. Umekutana na ule ukanda wa kabaidi. Ikiwa ulitumia elektrodi ya chuma, hakuna hila. Usage wote na ukanda wake, uanze upya kwa nikeli tupu, ile ya asilimia 90 na zaidi, ambayo hulainika kwa kutoboa kuliko zote. Ikiwa ulitumia nikeli, tatizo liko kwenye ukingo tu, na kupasha kwanza hadi nyuzi 300 kunapunguza ugumu huo sana kwa sababu kasti inapoa taratibu. Kwa matundu ya bolti kuna njia rahisi zaidi: toboa kubwa, ingiza kipande cha duara cha chuma chenye nyuzi za skrubu, kifunge. Hakuna moto, hakuna ugumu.

Ufa umeendelea mbele ya mshono

Hukufika mwisho wake. Jicho haliuoni mwisho wa ufa kwenye kasti. Huishia mbele ya pale unapodhani. Safisha, paka mafuta ya taa, subiri dakika kumi, futa kabisa, kisha paka chaki iliyosagwa au chokaa nyembamba. Mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari mweusi kwenye weupe. Weka alama, ongeza milimita tano mbele, toboa tundu la milimita 3 hadi 6 kupita unene wote. Tundu hilo linaukata ukali wa ncha ya ufa. Ndipo uchimbe mfereji wa V wa pembe ya nyuzi 60 hadi 75, ukibakiza milimita mbili chini. Anza kuchomelea kutoka kwenye tundu kuelekea ukingo wa nje, ili kusinyaa kuwe na mahali pa kutokea.

Brasi badala ya arki (kuchomelea kwa umeme)

Mafundi vijana wanaipuuza, na naona ni hasara. Brasi huyeyuka chini ya nyuzi 900, wakati kasti inayeyuka karibu 1150 hadi 1200. Hivyo huyeyushi kasti kabisa. Unapasha hadi wekundu hafifu, unapaka boraksi, brasi inatambaa yenyewe. Ule ukanda mgumu unakuwa mdogo au hautokei. Mfereji uwe mpana, hata nyuzi 90, kwa sababu nguvu inatokana na eneo la kushikana. Kwa jino la gia lililovunjika, kwa gamba la pampu, kwa mguu wa mashine, ni kazi ya kuaminika. Haifai mahali penye moto kama ekzosi, na ukishaweka brasi huwezi tena kuja na arki juu yake. Moshi mweupe ukiongezeka, zinki inaungua: punguza moto, simama upande unaotoka upepo. Na moshi wa nikeli nao ni sumu ya mapafu, kwa hiyo usifanye kazi hizi ndani ya chumba kisicho na hewa.

Ilikaa vizuri, ikavunjika tena kazini

"Fundi, imekatika tena, palepale."

"Pole, mama. Wakati wa kuifunga nani aliifunga?"

Swali hilo ni muhimu kuliko mshono. Injini nzito za silinda moja za mtindo wa Lister, ambazo nyingi zinatoka Rajkot nchini India, zimesaga unga vijijini kwetu kwa miongo mingi, na miguu yake ni minene. Haipasuki kwa kazi. Inapasuka kwa sababu mguu mmoja haujagusa msingi. Mtu anakaza bolti, mguu unavutwa chini milimita moja, kasti imeshakunjwa kabla injini haijawaka, mtetemo unamalizia.

Jipimie hivi. Kaza bolti zote nne, kisha legeza moja huku umeweka kidole kati ya mguu na fremu. Ukihisi mguu unainuka, hapo pana pengo. Weka vipande vya bati vya unene unaotakiwa hadi usiinuke tena, kaza, nenda kwenye bolti inayofuata. Angalia pia mkanda: ukiwa umevutwa mno, au puli mbili haziko mstari mmoja, injini inavutwa upande mmoja saa zote. Angalia zege la msingi kama lina ufa wake. Ukichomelea mguu bila kugusa haya, umeahirisha tu, na safari ijayo itavunjika kando ya mshono wako nawe ndiye utakayelaumiwa.

Kwenye mguu mnene wa namna hii mimi siuamini mshono peke yake. Toboa pande zote mbili za mfereji, ingiza vijiti vya chuma vyenye nyuzi za skrubu, vichomoze milimita chache, kisha vizungushie mshono mmoja mmoja kabla ya kujaza. Vinapeleka mzigo ndani ya kasti nzima, kupita ukanda dhaifu.

Vya kukataa

Gurudumu zito la injini lenye ufa kwenye mkono au kwenye kitovu: kataa. Lina uzito wa mtu au zaidi na linazunguka mamia ya mara kwa dakika. Likiachia halichagui pa kwenda. Puli inayokwenda kasi, ngoma ya breki, gurudumu la mashine ya kukatia majani linalobeba visu, kitu chochote cha kuinulia mzigo, chombo chochote cha mvuke: kataa pia. Mwenye mali atakuambia fundi wa jirani amekubali. Mwache aende, lakini mwambie mbele ya watu wake ni kwa nini umekataa.

Kwa silinda na bloku zenye kuta nyembamba ambazo hazivumilii moto kabisa, iko njia ya kushona bila kuchomelea: unatoboa mfululizo wa matundu juu ya ufa, unakaza skrubu maalumu zinazoingiliana, unakata vichwa, unasawazisha. Inachukua muda, ila haipindishi chochote.

Bloku inavuja maji

Kwenye baridi ya Ulaya bloku hupasuka kwa barafu. Kwetu, isipokuwa nyanda chache za juu, hupasuka kwa kiu: pipa la maji limeisha, injini imechemka, mtu amekimbia na ndoo ya maji ya kisimani akaimwaga. Ufa unatokea kwenye ukuta wa nje wa koti la maji, ile nafasi ya maji inayoizunguka silinda, na huo ndio ufa wenye bahati, kwa sababu haubebi mzigo. Ukiwa umeingia hadi kwenye silinda au kati ya vali, kazi inakuwa nyingine kabisa, na mara nyingi bloku ya mtumba ni nafuu.

Ukuta wa nje ufanyie njia ya baridi, mishono ya sentimita mbili, kila mmoja ugongwe. Usifungue V hadi ndani. Theluthi mbili ya unene inatosha. Ikimalizika, usiirudishe kwenye injini bila kuijaribu. Jaza mafuta ya taa ndani ya koti la maji, paka chaki nje, acha usiku kucha. Alama moja yenye majimaji ni kitundu: gonga pale kwa nyundo ya mviringo, jaribu tena, na kikikataa kisage ujaze upya. Kisha ziba matundu, unganisha mpira wa maji, uinue ncha yake mita 3 juu. Kimo hicho kinatoa shinikizo la takriban 0.3 bar, zaidi ya linalotoka kwenye pipa la kawaida la kupoozea. Usitumie hewa ya kompresa. Kasti ikiachia kwa hewa inaruka, kwa maji inalia tu.

Mwenye mashine aelekezwe hivi: injini ikichemka, aizime, aiache hadi aweze kuweka mkono kwenye bloku, ndipo aongeze maji. Na apake chaki juu ya mshono mwishoni mwa siku za kwanza za kusaga. Doa likionekana, ufa umeanza kutembea, na hapo bado unazuilika kwa tundu moja la drili.